NONDO WA FUNZA WA WARIDI: SURA YAKE NA SAFARI ZAKE

Mkulima wa Shinyanga na Geita, yafaa umjue adui huyu wa pamba, maana madhara yake hujificha hata siku ya kuvuna.

Nondo mwenyewe ni mdogo. Mabawa yakikunjuliwa hupata milimita 15 hadi 20 kutoka ncha hata ncha. Ya mbele ni kahawia iliyochanganyika na kijivu, yenye mabaka meusi. Ya nyuma yana rangi ya fedha na nywele pembezoni. Mchana hujificha, usiku huruka. Jike hutaga mayai juu ya vitumba vibichi. Funza atokapo ni mweupe. Akikua hupata mistari ya waridi. Hutoboa kitumba akala mbegu, na tundu aliloingilia huziba. Basi usitazame nje tu: pasua vitumba kadhaa uvichunguze.

Je, ameeneaje duniani? Mwaka 1843 Saunders alimweleza kwa nondo waliotoka India. Mwanzoni mwa karne ya 20 alifika Misri ndani ya mbegu za pamba; na mwaka 1911 mbegu za Misri zikamfikisha Mexico. Yuko pia kaskazini ya Australia, na ndugu yake wa karibu ni mwenyeji wa Queensland. Waona, basi, kwamba safari zake ndefu hakuzifanya kwa mabawa, bali alibebwa na watu. Funza aliyekomaa huweza kuunganisha mbegu mbili kwa nyuzi zake, akalala ndani miezi mingi.

Kwa hiyo shika haya:

1. Ukimaliza kuvuna, ng'oa miti yote ya pamba uichome, pamoja na vitumba vilivyoanguka, kabla ya tarehe 15 Septemba.

2. Usipande mbegu za pamba yako mwenyewe. Panda zilizotayarishwa kwa kupandwa.

3. Uendapo Geita kutafuta kazi machimboni, usichukue mbegu za pamba kutoka Kishapu katika mzigo wako.

4. Usipande bamia karibu na pamba, kwani huzila pia.

Mwaka 2018 Marekani ilitangaza kwamba mashamba yake ya pamba yamesafika, baada ya miaka mingi ya kutumia njia nyingi pamoja, na kuharibu masalia ni mojawapo. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Ukichoma wewe na jirani asichome, nondo watakaotoka kwake watataga kwako. Mwendee jirani yako mapema, mkachome pamoja.