Mbwa mwenye mzio wa chakula abadilishiwe mlo kwa mpango

MBWA anayejikuna mchana na usiku na kujilamba miguu hadi manyoya yakageuka rangi ya kutu, aghalabu hudhaniwa kuwa ameshambuliwa na viroboto. Mwenyewe humwosha kwa dawa ya kupe, humwita daktari amdunge sindano, kisha baada ya majuma machache hali hurejea ile ile.

Wapo wanaokata tamaa wakamfukuza mnyama huyo nyumbani. Wengine humpaka oili chafu ya gari, jambo la hatari kubwa kwani sumu hupenya ngozini na mbwa huimeza zaidi anapojilamba. Ilhali huenda chanzo cha mateso yake kimo katika bakuli analolia kila siku.

Mzio wa chakula hutokea pale kinga ya mwili inapoidhania protini fulani kuwa adui na kuanza kupambana nayo. Matokeo yake ni mwasho usiojali msimu wa mvua wala wa kiangazi, hasa kwenye nyayo, makwapa, kinena, masikio na sehemu ya haja kubwa. Baadhi ya mbwa hutokwa na uchafu wenye uvundo masikioni mara kwa mara, na wengine hutapika au kuharisha.

Kinyume na dhana ya wengi, mzio huu haumpati tu mbwa aliyeanzishiwa chakula kigeni. Anaweza kula nyama ya ng'ombe kwa miaka mitatu bila tatizo, kisha mwili ukaanza kuikataa. Kwa hivyo, kauli kwamba "hiki ndicho alichozoea" si ushahidi kwamba chakula hicho hakimdhuru.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka wa 2016, uliohusu mbwa 297 wenye mzio wa chakula, ulionyesha kwamba asilimia 34 walidhuriwa na nyama ya ng'ombe, asilimia 17 na maziwa na mazao yake, asilimia 15 na nyama ya kuku, na asilimia 13 na ngano. Hivi ni vyakula vinavyopatikana katika nyumba nyingi hapa nchini, ama kama mlo kamili wa mbwa au kama mabaki ya mezani.

Kabla ya kulaumu chakula

Hatua ya kwanza si kubadilisha mlo bali ni kuondoa shaka nyingine. Viroboto, kupe na utitiri unaosababisha upele huleta mwasho unaofanana sana na huu, na hupatikana kwa wingi zaidi. Daktari wa mifugo huweza kukwangua ngozi kidogo na kuitazama kwa hadubini ili kutafuta utitiri. Kadhalika, vidonda vilivyoingia bakteria au kuvu hutibiwa kwanza, la sivyo mbwa ataendelea kujikuna hata akipewa chakula kifaacho.

Vipo vipimo vya damu na vya mate vinavyodaiwa kutambua mzio wa chakula. Hata hivyo, havitegemeki, kwa kuwa huweza kumtia hatiani mbwa mzima na kumwachilia mgonjwa. Njia inayoaminika hadi leo ni moja tu, nayo ni kumlisha mbwa mlo wa majaribio usio na kitu chochote alichowahi kula, kisha kumrudishia cha zamani na kuangalia kitakachotokea.

Kuchagua mlo mpya

Mfugaji anapaswa kuandika orodha ya kila kitu ambacho mbwa wake amewahi kula. Awaulize watoto, mfanyakazi wa nyumbani na bawabu, kwa maana hao ndio wanaojua nani humtupia mbwa ukoko wa ugali, chapati au mifupa ya kuku.

Baada ya hapo huchaguliwa protini moja na wanga wa aina moja ambavyo havimo katika orodha hiyo. Kwa mbwa aliyelelewa kwa ugali, matumbo ya ng'ombe na vichwa vya kuku, nyama ya sungura pamoja na viazi vitamu ni chaguo jema. Samaki pia anafaa, mradi mbwa hakuzoea omena. Nyama ya mbuzi au kondoo si chaguo la kwanza kwa mbwa anayeshukiwa kudhuriwa na nyama ya ng'ombe, kwani wanyama hao wana undugu na protini zao zinakaribiana.

Nyama ichemshwe bila chumvi, kitunguu maji, kitunguu saumu wala viungo vya mchuzi. Vitunguu vya aina zote mbili huharibu chembechembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa iondolewe yote, pamoja na miiba ya samaki, kwani huvunjika na kutoboa utumbo.

Kwa mwenye uwezo, upo mlo maalumu unaouzwa na madaktari wa mifugo ambao protini zake zimevunjwavunjwa kuwa vipande vidogo mno, kiasi kwamba kinga ya mwili huwa vigumu kuvitambua. Kununua chakula cha kawaida cha kampuni nyingine si kubadilisha mlo. Mifuko miwili yenye picha tofauti huweza kuwa na kuku yule yule ndani yake, na hata ule ulioandikwa samaki huweza kuwa na chembe za nyama nyingine.

Kubadilisha hatua kwa hatua

Tumbo la mbwa halipendi mageuzi ya ghafla. Akihamishwa kwa siku moja huweza kuharisha, na mfugaji akadhani chakula kipya ndicho kibaya. Mabadiliko yachukue kati ya siku saba na kumi.

Siku mbili au tatu za mwanzo, robo ya mlo iwe chakula kipya na robo tatu kile cha zamani. Siku mbili au tatu zinazofuata viwe nusu kwa nusu. Halafu kipya kifikie robo tatu, na hatimaye kile cha zamani kiachwe kabisa. Kinyesi kikilainika, mfugaji asiongeze kipimo hadi tumbo litulie.

Majuma ya majaribio huanza kuhesabiwa siku ambayo chakula cha zamani kimekoma kabisa, nayo ni manane. Uchambuzi mwingine uliochapishwa mwaka wa 2015 ulibainisha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mbwa wenye mzio wa chakula walipata nafuu kufikia juma la tano, na zaidi ya asilimia 90 kufikia juma la nane. Anayekata tamaa baada ya majuma mawili huwa ameacha safari njiani.

Katika kipindi hicho mbwa asile kitu kingine chochote. Mchovya asali hachovyi mara moja, na kipande kimoja cha soseji kilichotupwa na mgeni huweza kuvuruga kazi ya mwezi mzima. Jambo linalosahaulika ni kwamba baadhi ya dawa za minyoo na za viroboto hutiwa ladha ya nyama. Daktari aombwe atoe zisizo na ladha. Mbwa mlinzi anayerandaranda usiku na kupekua majaa ya taka hana budi kufungiwa uani, vinginevyo majaribio hayana maana.

Nafuu pekee haitoshi

Mwasho ukipungua, bado haijathibitika kwamba chakula ndicho kilichokuwa tatizo. Huenda dawa ya viroboto ndiyo iliyosaidia. Kwa hivyo, mbwa hurudishiwa mlo wake wa zamani kwa muda usiozidi majuma mawili. Dalili zikirejea, na huweza kurejea baada ya saa chache au siku kadhaa, chakula cha zamani huondolewa mara moja na shaka huwa imekwisha.

Akishatulia tena, mfugaji huongeza kitu kimoja kimoja, kwa mfano nyama ya ng'ombe pekee, kisha kuku, kisha ngano, akikipa kila kimoja hadi majuma mawili. Hivyo ndivyo atakavyojua kipi cha kuepukwa maishani, badala ya kumnyima mbwa kila kitu kwa hofu.

Sungura na viazi vitamu si mlo kamili wa kudumu. Nyama ina kalsiamu kidogo mno, na mtoto wa mbwa anayelishwa nyama na wanga pekee hudhoofika mifupa hadi ikapinda au kuvunjika. Kwa sababu hiyo, mbwa ambaye hajakomaa asifanyiwe majaribio ya mlo wa nyumbani bila daktari, na mbwa mzima atakayeendelea nao aongezewe madini na vitamini kwa kipimo cha daktari.

Wala mfugaji asikimbilie unga ulioota ukungu kwa kuwa ni wa bei nafuu. Sumu ya aflatoksini, ambayo mwaka wa 2004 iliua watu 125 katika maeneo ya Ukambani na jirani, huharibu pia ini la mbwa. Unga usiofaa binadamu haumfai mbwa.

Sindano za kutuliza mwasho zina nafasi yake, lakini zile za steroidi zikirudiwa mara kwa mara humfanya mbwa anywe maji kupita kiasi, anenepe na kupungukiwa na kinga dhidi ya maradhi, huku chanzo kikiwa hakijaguswa. Hata hivyo, mbwa aliyevimba uso, anayepumua kwa shida, anayeharisha damu au aliyekataa kula kwa zaidi ya siku moja asingojee majaribio ya mlo. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa siku hiyo hiyo.