Hita ya Gesi Inapogoma: Tuangalie Maji, Cheche, Gesi na Hewa

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Kila sifa njema inamstahikia Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Maswahaba zake. 

Alfajiri za Juni na Julai hapa kwetu Shinyanga, Kahama na Geita huwa na baridi, na anayeamka kutia udhu au kuoga janaba huyaogopa maji ya bombani. Nyumba nyingi huchemsha maji kwa sufuria. Baadhi zimefunga hita ya gesi, yaani kile kisanduku cha ukutani kinachopasha maji palepale yanapopita, hata umeme ukiwa umekatika. Ni chombo chenye manufaa makubwa. Lakini kinapogoma, wengine hukipigapiga, na wengine hufungua sehemu wasizotakiwa kuzigusa. Katika makala hii fupi tutaeleza namna ya kulitambua tatizo, lipi tulirekebishe wenyewe na lipi tumwachie fundi.

HITA INAVYOFANYA KAZI

Unapofungua koki ya maji ya moto, maji hupita ndani ya hita na kuusukuma mpira mwembamba. Mpira huo hubonyeza swichi, betri hutoa cheche, valvu ya gesi hufunguka na moto huwaka chini ya mabomba ya shaba. Ukifunga koki, kila kitu huzima. Kwa hiyo hita inahitaji vitu vinne: maji yenye nguvu, cheche, gesi na hewa safi. Ikigoma, tuvikague kwa mpangilio huo.

1. Hita iko kimya, haitoi hata cheche

Kwanza badilisha betri. Betri kuchoka ni sababu ya kawaida sana, na haihitaji fundi.

Pili, angalia nguvu ya maji. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria yanayovutwa Ihelele, wilayani Misungwi, hufika Kahama na Shinyanga kwa mabomba, lakini wengi wetu bado tunayahifadhi kwenye simtanki. Tanki lililo chini halina nguvu ya kuusukuma ule mpira. Kila mita moja ya kimo huongeza takriban sehemu moja ya kumi ya bar, na hita nyingi huhitaji mita kadhaa. Dawa yake ni kuliinua tanki juu ya mnara au kufunga pampu ndogo.

Tatu, funga maji, fungua kiungo yanapoingilia, utoe chujio na kulisafisha. Mara nyingi utakuta mchanga.

2. Cheche inatoka lakini moto hauwaki

Hapa tatizo huwa kwenye gesi. Je, koki ya mtungi iko wazi? Je, regyuleta imekaa sawasawa? Kama mtungi umebadilishwa sasa hivi, mpira wa gesi una hewa ndani yake. Jaribu mara mbili tatu, ukisubiri kidogo kila mara ili gesi isijikusanye. Kama huna hakika kwamba mtungi una gesi, upime kwenye mizani kisha utoe uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa kwenye chuma chake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba gesi iliyo ndani ya mtungi ni kimiminika, nacho kinahitaji joto ili kigeuke kuwa mvuke. Hita hula gesi nyingi kuliko jiko la kawaida, hivyo mtungi wa kilo 6 hupoa haraka, ukatoa jasho kwa nje, na moto ukafifia ilhali gesi bado imo. Tumia mtungi mkubwa zaidi, wa kilo 15 au 38. Wala usifunge regyuleta ya majiko makubwa ya mgahawani, kwani msukumo wake unazidi uwezo wa hita.

3. Inawaka kisha inajizima

Ndani ya hita mna kipimo kinachohisi kama moto upo. Kikishika masizi, hita hudhani moto umezimika na hufunga gesi. Kukisafisha ni kazi ya fundi. Ila baadhi ya hita zina kipimo kingine, kinachozima moto hewa inapopungua. Hita inayojizima baada ya dakika chache huenda ndiyo inayokuokoa. Fundi akikuambia ataunganisha waya ili "isisumbue tena", mkatalie.

4. Maji ni vuguvugu tu

Punguza kasi ya maji. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvichumvi wajue kwamba chokaa hujijenga ndani ya mabomba ya shaba na kuzuia joto. Fundi huiyeyusha kwa siki au dawa maalumu.

5. Harufu ya gesi

Gesi ya mitungi haina harufu kwa asili yake. Harufu tunayoisikia imetiwa makusudi ili tushtuke. Nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni. Ukiisikia, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, toa watu nje, kisha ukiwa nje piga simu Zimamoto namba 114. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye viungo. Asithubutu mtu kuutafuta kwa njiti ya kiberiti.

HEWA: TATIZO LISILOPIGA KELELE

Matatizo yote tuliyoyataja hujitangaza. Hili la nne halijitangazi, kwani hita yenye hewa haba inaweza kuendelea kuwaka na maji yakawa moto vizuri tu. Moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Sumu hii hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Ndiyo hiyohiyo inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Wachimbaji wadogo wa Geita wanaijua hatari hii, maana pampu ya petroli ikishushwa duarani, moshi wake huua aliye chini, na anayemfuata kumwokoa naye huanguka. Bafu lililofungwa ni kama duara dogo. Huko Moroko, hita za gesi bafuni zimeua watu wengi katika majira ya baridi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, hata mtu akadhani ana malaria. Ikiwa watu kadhaa nyumbani wanaumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, zimeni hita na mwende hospitali. Moto ukiwa wa njano badala ya buluu, au masizi yakionekana, hita isitumike mpaka fundi aikague.

Hita ifungwe nje ya bafu, kwenye ukuta wa baraza penye upepo, na bomba la moshi litoke nje kabisa.

MAFUNZO YA DINI YETU

Imepokewa na Abu Dawud kwamba Amr bin al-As (R.A.), katika msafara wa Dhaat as-Salaasil, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali. Akaogopa kuangamia akioga, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Mtume (S.A.W.) alipomuuliza, alitaja aya ya Suratun-Nisaa inayotukataza kujiua, naye Mtume akacheka na hakumkemea. Ikiwa sheria imempa nafasi mtu kuacha maji yanayoweza kumdhuru, basi hakuna udhuru wa kuyapasha kwa njia inayoua.

Vilevile Mtume (S.A.W.), alipopata habari ya nyumba iliyoungua usiku Madina pamoja na watu wake, aliuita moto adui yetu na akaamrisha tuuzime tunapolala. Kwetu sisi, agizo hilo linahusu pia kufunga koki ya mtungi kila usiku.

Wanafunzi, betri na chujio mnaviweza, mkiwa na mzazi karibu. Mpira wa gesi, valvu na bomba la moshi mwachieni fundi anayejua kazi yake. Na leo mkirudi nyumbani, kabla ya jambo lolote, tazameni hita au jiko lenu limewekwa wapi, na hewa inaingilia wapi.

Tunamuomba Allah (S.W.) azihifadhi nyumba zetu na watu wake. Amin.

Wabillahi tawfiq.