Sukari ya damu inapopanda wakati wa shambulio la moyo

Mama, na wewe unayemuuguza mtu nyumbani, huenda ukashangaa kuambiwa hospitalini kwamba mgonjwa wa moyo amekutwa na sukari nyingi, wakati hajawahi kuwa na kisukari.

Shambulio la moyo hutokea pale mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo unapoziba. Mwili hupatwa na mshtuko, kisha humwaga homoni zinazolifanya ini litoe sukari kwa wingi na kuizuia insulini isifanye kazi vizuri. Wengine walikuwa na kisukari tangu zamani bila kujua.

Wagonjwa wanaofika hospitali na sukari ya juu huwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki au moyo kushindwa kusukuma damu, hata wasio na kisukari. Sukari hiyo inaweza kuwa ishara kwamba moyo umeumia sana. Pia hufanya damu igande kwa urahisi na kudhuru mishipa midogo.

Kwa kawaida, sukari ikizidi 10 mmol/L wauguzi huishusha kwa insulini, kwa uangalifu, kwa sababu ikishuka mno nayo ni hatari. Usimpe insulini wala dawa ya sukari kwa kukisia.

Mpeleke hospitali mara moja ukiona:

- kifua kubana au kuuma, maumivu yakienda mkononi, mgongoni au kwenye taya;
- jasho la baridi, kichefuchefu, kukosa pumzi au uchovu wa ghafla.

Wanawake na wenye kisukari wanaweza wasiumwe kifua kabisa. Usifikirie ni vidonda vya tumbo tu. Kwa wakazi wa Babati, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara iko karibu kuliko KCMC ya Moshi, usisubiri kukuche. Omba apimwe umeme wa moyo na sukari, na useme dawa zote anazotumia.

Akiruhusiwa, usiishie hapo. Mrudishe apimwe sukari tena asubuhi kabla hajala. Ikifika 7.0 mmol/L au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, ana kisukari na anahitaji matibabu. Mpunguzie sukari kwenye chai na kiasi cha ugali, ongeza mboga za majani na maharage, na hakikisha hakatishi dawa za moyo hata akijisikia mzima.