Wasaidizi Waliobeba Kazi ya Mwalimu Wao

Jahazi lifikapo bandarini watu huuliza jina la nahodha. Ni wachache waulizao habari za serahangi na mabaharia. Na katika shule mambo ni yale yale. Jina la mwalimu mkuu hujulikana hata vijiji vya mbali, bali majina ya wasaidizi wake hayavuki ua wa shule. Mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za wasaidizi watatu wa mwalimu mmoja wa michezo katika Marekani, ili tuone kazi ya msaidizi ni kazi gani, na ni saa ipi thamani yake hudhihirika.

Mchezo wenyewe ni mpira wa kikapu. Aliyeubuni ni James Naismith, mwalimu katika shule ya Chama cha Kikristo cha Vijana mjini Springfield, mwaka 1891. Haikupita miaka miwili, wasichana wa chuo cha Smith, kisicho mbali na mji ule, wakaanza kuucheza nao. Siku hizi huchezwa na watu watano kila upande, na kikapu hutundikwa juu, futi 10 kutoka chini. Lakini kwa muda mrefu vyuo vya Marekani viliwapa wasichana fedha kidogo sana kwa michezo yao. Mwaka 1972 ndipo ilipotolewa sheria ya kukataza ubaguzi kati ya wanaume na wanawake katika shule na vyuo vipatavyo msaada wa fedha za serikali.

Miaka miwili baada ya sheria hiyo, msichana mmoja aitwaye Pat Head, binti wa mkulima, alifika Chuo Kikuu cha Tennessee katika mji wa Knoxville. Alikuja kuwa msaidizi wa mwalimu wa mpira wa kikapu wa wasichana, huku akiendelea na masomo yake. Kabla hajaianza kazi hiyo, mwalimu mkuu akaondoka, na kazi yote akaachiwa yeye, naye umri wake ni miaka 22 tu. Mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Gari la wachezaji aliliendesha mwenyewe, na nguo zao za mchezo alizifua mwenyewe; nazo zilikuwa zimenunuliwa kwa fedha zilizopatikana kwa kuuza donati. Mchezo wake wa kwanza alishindwa, kwa pointi moja.

Hivyo ndivyo alivyoanza mwanamke ambaye baada ya kuolewa alijulikana kwa jina la Pat Summitt. Alifundisha chuoni hapo miaka 38. Wachezaji wake walishinda mara 1,098, na ubingwa wa vyuo vya nchi nzima waliutwaa mara 8, wa kwanza mwaka 1987 na wa mwisho mwaka 2008. Tena aliwakataza kukosa darasa, akawaamuru kuketi katika safu za mbele. Na kila msichana aliyemaliza muda wake wa kucheza chini yake alipata shahada. Twadhani jambo hili la mwisho litawapendeza walimu kuliko vikombe.

Walakini mkono mmoja haulei mwana. Timu kama ile hucheza michezo zaidi ya 30 katika msimu mmoja, na kazi iliyo nyuma ya kila mchezo ni kubwa kuliko mchezo wenyewe. Lazima mtu atazame picha za michezo ya wapinzani, ajue desturi zao na udhaifu wao, kisha awaeleze wachezaji kwa maneno machache watakayoweza kuyakumbuka. Lazima mwingine asafiri kwenda shule za sekondari kutafuta wasichana wenye kipaji, aketi sebuleni na wazazi wao, awape habari za masomo na malezi. Lazima tena awepo wa kuwafundisha wale warefu wanaocheza karibu na kikapu, na wa kuwafundisha wale wepesi wanaouleta mpira. Na usiku, msichana akipata habari mbaya kutoka kwao, mara nyingi mlango anaoubisha kwanza ni wa msaidizi.

Katika msimu wa 2011 na 2012 Bibi Summitt alikuwa na wasaidizi watatu. Wa kwanza ni Holly Warlick, mzaliwa wa Knoxville. Huyu alikuwa mwanafunzi wake, akamchezea hadi mwaka 1980, kisha akarudi mwaka 1985 kuwa msaidizi, wala hakuondoka tena. Wa pili ni Mickie DeMoss, ambaye naye aliingia mwaka 1985. Mwaka 2003 alikwenda kuwa mwalimu mkuu katika Chuo Kikuu cha Kentucky, na mwaka 2010 akarudi Tennessee kukaa tena katika kiti cha msaidizi. Wa tatu ni Bwana Dean Lockwood, aliyejiunga nao mwaka 2004, naye hapo kwanza alikuwa amefundisha timu za wanaume.

Watu hawa walikuwa wamezoeana kwa taabu na kwa raha. Katika Septemba 1990 Bibi Summitt na Bibi DeMoss walisafiri kwa ndege hadi jimbo la Pennsylvania kumwona msichana mmoja hodari, na Bibi Summitt alikuwa mja mzito wa miezi tisa. Wakiwa nyumbani kwa msichana yule uchungu ukamshika. Yeye akakataa kujifungua ugenini. Wakarudi kwenye ndege, na njiani rubani alitaka kutua Virginia, akamkatalia, hata wakafika Knoxville, akamzaa mwanawe salama. Fikirini hali ya Bibi DeMoss angani usiku ule! Safari kama hiyo ndiyo humfundisha msaidizi na mwalimu wake kujuana.

Sasa twafika penye jambo lenyewe. Katika msimu wa 2010 na 2011 Bibi Summitt alianza kuona akili yake inamwacha kidogo kidogo. Alisahau saa za mikutano. Na katikati ya mchezo alitaka kuita mpango fulani, na jina lake lisimjie. Mwezi wa Mei 2011 alikwenda katika hospitali ya Mayo, jimbo la Minnesota, na waganga wakamwambia kwamba ameshikwa mapema na ugonjwa wa Alzheimer, ambao huharibu ubongo polepole na kuondoa kumbukumbu, wala hauna dawa ya kuuponya. Hakuwa bado ametimiza miaka 59. Tarehe 23 Agosti akawaambia wachezaji wake, kisha akautangazia ulimwengu, na kusema kwamba ataendelea na kazi akisaidiwa na wenzake.

Wakubwa wa chuo walikubali. Lakini tusidhani neno hilo lilikuwa jepesi. Msichana hupewa misimu minne tu ya kuchezea chuo chake. Je, ni haki msimu mmoja upite chini ya mwalimu anayesahau? Kwa upande mwingine, mtu aliyejenga nyumba kwa miaka 37, je, ni haki kumtoa nje siku ile ile aliyougua? Maswali haya mawili yote ni ya kweli, wala moja halilifuti lenzake. Waliopaswa kuyajibu kwa kazi, kila siku, kwa miezi saba, ni wale wasaidizi watatu.

Nao waliyajibu hivi. Waligawana mzigo bila kugawana cheo. Bibi Warlick alishika sehemu kubwa ya uongozi wakati wa mchezo, na baada ya mchezo yeye ndiye aliyewajibu waandishi wa magazeti. Bibi DeMoss na Bwana Lockwood waliongeza sehemu zao katika mazoezi na katika mashauri. Bibi Summitt aliendelea kuketi mahali pake, kutazama, kushauri, na kuwakemea wachezaji kwa yale macho yake makali yaliyojulikana nchi nzima. Kiti kilibaki chake. Tamaa ingeweza kuingia hapo, maana mkubwa akidhoofika wako wanaoanza kuhesabu siku zake.

Je, walipata kombe? La. Walishinda michezo 27, wakashindwa 9. Waliutwaa ubingwa wa jumuiya yao ya vyuo vya kusini-mashariki, mjini Nashville. Katika mashindano ya nchi nzima mchezo wao wa kwanza ulikuwa na chuo cha Tennessee kilichoko Martin, ndicho chuo alichosoma Bibi Summitt mwenyewe ujanani, nao wakashinda. Walishinda tena mara mbili, kisha wakakutana na timu ya Baylor, wakashindwa kwa pointi 77 kwa 58. Baylor mwaka ule walishinda michezo yao yote 40, hata ubingwa. Basi hapana aibu kushindwa nao.

Katika Aprili 2012 Bibi Summitt akaacha kazi, na Bibi Warlick akawekwa mahali pake. Siku ya kuagana, mbele ya watu wote, mwalimu mzee alimkabidhi mwanafunzi wake filimbi yake. Bibi DeMoss akaenda kazi nyingine. Bwana Lockwood akabaki. Bibi Warlick aliongoza hadi mwaka 2019, na mara tatu alifika karibu sana na hatua ya timu nne za mwisho, lakini ubingwa wa nchi hakuupata, na chuo kikamwondoa. Hapo twaona kwamba kazi ya msaidizi na kazi ya mkuu ni kazi mbili, kila moja na ugumu wake. Kukosa ubingwa kwake baadaye hakupunguzi hata chembe uaminifu wa mwaka ule. Bibi Summitt alifariki tarehe 28 Juni 2016, naye ana umri wa miaka 64.

Enyi walimu, lililotuvuta katika habari hii ni kwamba msaada ule haukutengenezwa siku ya ugonjwa. Ulitengenezwa kwa miaka mingi ya nyuma, kila mara mkuu alipomwachia msaidizi sehemu ya kazi kweli kweli, akamwacha aikamilishe. Mwalimu mkuu anayefungia funguo zote mfukoni mwake, siku akianguka shule nzima husimama mlangoni. Yafaa kila mkuu ajiulize: nikiugua kesho, nani ajua hesabu za shule, nani ajua majina ya watoto wasio na wazazi?

Nanyi wenye nyumba, ugonjwa huu wa kusahau umo hata katika nyumba zetu. Wako wasemao mzee amerogwa, na watoto hucheka akiuliza neno lile lile mara tano. Huo ni ugonjwa wa ubongo, si uchawi wala si ukaidi. Mzee aweza kuachiwa kazi anayoiweza bado, na kiti chake cha zamani, huku wengine wakishika kimya kimya yale yaliyomponyoka: mmoja akihesabu fedha, mwingine akimwongoza njiani, mwingine akimkumbusha jina la mgeni kabla mgeni hajaingia.