Itifaki za Maabara: Sababu ya Wanafunzi Kugawana Maarifa

Mwanafunzi wa chuo anapoingia shamba la mahindi Kiminini au Kimilili na kukata majani yaliyogeuka manjano, mwenye shamba huwa na swali moja: huu ni ugonjwa wa MLN au mahindi yanakosa mbolea? Kwa macho, mambo hayo yanaweza kufanana. Jibu likikosewa, mkulima hung'oa mimea iliyohitaji mbolea tu, au hurudia kupanda mahindi mahali ambapo angeshauriwa apande maharagwe au viazi kwanza.

MLN uliripotiwa Kenya mara ya kwanza mwaka 2011, katika Kaunti ya Bomet. Husababishwa na aina mbili za virusi zinapoushambulia mmea mmoja pamoja, kwa hiyo uhakika hupatikana maabarani. Huko, vinasaba vya virusi, yaani RNA, hutolewa kwenye jani, hugeuzwa kuwa DNA, kisha hunakiliwa mara nyingi kwa mashine ya PCR hadi viweze kuonekana.

Maelezo ya kazi hiyo, hatua kwa hatua, huitwa itifaki: jani la uzito gani, kemikali ipi, joto la digrii ngapi, kwa dakika ngapi. Mara nyingi itifaki kamili huwa kwenye daftari la mwanafunzi, naye akihitimu huondoka nalo. Tasnifu inayobaki maktabani husema tu kwamba RNA ilitolewa "kwa njia ya kawaida". Anayemfuata huanza upya, akimaliza kemikali za bei ghali kwa kubahatisha.

Hata itifaki iliyoandikwa inaweza kupotosha. Chukua sentrifuji, mashine inayozungusha vichupa kwa kasi. Ikiandikwa "mizunguko 13,000 kwa dakika", mashine ambayo vichupa vyake viko sentimita 6 kutoka katikati hutoa nguvu ya takriban mara 11,300 ya mvutano wa dunia. Ya sentimita 8.5 hutoa zaidi ya mara 16,000. Kinachofaa kuandikwa ni nguvu yenyewe. Au chukua maji yanayochemka. Mombasa huchemka kwa digrii 100. Bungoma mjini ni karibu 95, na Kitale, iliyo takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ni karibu 94. Mwongozo ulioandikiwa pwani hauwezi kunakiliwa Kitale bila kutaja digrii.

RNA nayo ni dhaifu mno. Vidole vya binadamu vina vimeng'enya vinavyoikata, na jani lililokaa kwenye mfuko wa plastiki juani linaweza kutoa jibu kwamba hakuna virusi ilhali vipo. Ndiyo maana itifaki nzuri huanzia shambani: glavu, sanduku la barafu, saa ya kukata jani. Hutaja pia sampuli mbili za kulinganisha, moja inayojulikana kuwa na virusi na nyingine ya maji matupu. Ya maji ikionyesha virusi, uchafu umeingia na kazi yote irudiwe.

Kugawana itifaki si jambo geni. Kitabu Molecular Cloning, kilichotolewa Marekani mwaka 1982 na kutumiwa na maabara nyingi duniani, kilitokana na mafunzo yaliyofanyika Cold Spring Harbor. Wanafunzi wanaopima mahindi Trans Nzoia na wenzao wa Bungoma wakitumia itifaki moja, yenye tarehe na maelezo ya yaliyofeli (haya ndiyo hufichwa zaidi, na ndiyo yenye faida zaidi), matokeo ya pande zote mbili yanaweza kuwekwa kwenye ramani moja. Wadudu wanaoeneza virusi hawajui mpaka wa kaunti.

Kinachogawanwa ni njia ya kazi. Jina la mkulima na mahali shamba lake lilipo si sehemu ya itifaki.

Mkazi anayeombwa sampuli anaweza kuomba kuona leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, inayohitajika kisheria kwa utafiti wowote nchini. Anaweza pia kuuliza sampuli itapimwa wapi, kama kutakuwa na sampuli za kulinganisha, na atapewa majibu lini. Mwenye shaka kuhusu mahindi yake asisubiri mtafiti, bali amwone afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kung'oa chochote.