Fahamu: Kwa nini ramani ya hali ya hewa ya BBC iliwaudhi watazamaji

Mei 2005, BBC iliachana na alama bapa za mawingu na jua zilizozoeleka Uingereza tangu miaka ya 1970, ikaleta ramani ya pande tatu iliyotengenezwa New Zealand. Malalamiko yakamiminika. Ardhi ilipakwa rangi ya kahawia, kana kwamba nchi imekumbwa na ukame. Kamera iliyoruka juu ya ramani iliwatia wengine kizunguzungu.

Hasira kubwa ilitoka Scotland. Ramani ilitazamwa kwa mshazari kutoka kusini, hivyo London ikavimba na Scotland ikanywea. Wanasiasa wakaingilia. Walikuwa na haki: utabiri ni wa kila mlipa ada ya televisheni. BBC ikapunguza mwinamo huo, Scotland ikaonekana kubwa zaidi.