Kabla ya Kulainisha Usukani, Tazama Breki

Wiki hii nataka tuzungumze na wale wenzetu wa Rungwe ambao bado wanaendesha Land Rover za zamani, zile za gia za mkono na usukani usio na pawa. Wengi wakipata fedha kidogo za chai au ndizi hukimbilia gereji kuwekewa usukani wa pawa. Siwalaumu, kwani kona za kutoka Isyonje kuja Kiwira zinachosha mabega. Lakini fedha hizo ziende kwanza kwenye breki.

Sababu ni barabara yenyewe. Kutoka Tukuyu hadi Kyela gari linateremka takriban mita 1,000. Land Rover za Series II na Series III zina breki za dramu magurudumu yote manne. Dereva akikanyaga breki mfululizo, dramu hupata moto na kutanuka, na breki hupungua nguvu. Tena mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mafuta yenye maji huchemka upesi na kutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea. Pedali inakwenda hadi chini na gari linaendelea na safari. Mimi yalinikuta, nyuma nikiwa na mikungu ya ndizi, na kilichoniokoa ni gia namba mbili. Mafuta hayo yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili. Kuongezea tu hakutoshi.

Sasa gia. Teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo, na uiingize kabla mteremko haujaanza. Katika Series II gia namba moja na mbili hazina sinkromeshi. Inabidi ukanyage klachi mara mbili na kugusa mafuta katikati, na ukikosea mteremkoni unabaki na nyutro. Series III, iliyoanza mwaka 1971, ina nafuu. Halafu wako wanaozima injini na kuteremka na nyutro, eti wanaokoa mafuta! Hapo injini haishiki gari tena. Kama umeweka usukani wa pawa, pampu yake huzungushwa na injini hiyo hiyo. Ikizimika, usukani unakuwa mzito kuliko ule uliouondoa.

Na uzito wa usukani mara nyingi si kosa la gari. Matairi mapana yaliyowekwa kwa urembo, upepo mdogo, tairodi kavu, boksi la usukani lisilo na mafuta: hiyo ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi. Usizungushe usukani gari likiwa limesimama. Liache litembee kidogo, utaona tofauti. Yakishatengenezwa hayo yote na mabega bado yanauma, hapo ndipo uulizie bei ya pampu.